Yule Aliyekimbia kwenye Bafta

Nilikuwa na sauti nzuri, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Zama za Mwingereza nilikuwa karani kijana pale Utete, suruali imenyooka, kalamu mfukoni, na kila gari la sinema la serikali lilipokuja Rufiji mimi ndiye niliyeitwa kushika kipaza sauti. Picha zenyewe zilisema Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza watu kwa Kiswahili kile wanachokiona: namna ya kupanda pamba, namna ya kuchimba choo. Watu walisinzia. Nikaanza kutia chumvi, wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Siku hizi wajukuu zangu wanakaa mbele ya televisheni kutazama tamthilia za wafalme wa kale wa nchi za watu, na mapanga yao, na farasi wao. Huwauliza, huyo ni mwenyewe au mwigizaji? Wananicheka, wanasema babu kazeeka. Hawajui kwa nini nauliza.

Ilikuja picha ya historia. Tukaambiwa ni habari ya vita vya maji, vile babu zetu walivyopigana na Mjerumani wakiamini maji ya dawa yatazuia risasi, na kwamba itaonyeshwa Kibiti. Habari ilifika kijijini kwetu Chumbi kabla ya gari, ikamfikia bibi yangu, mzaa mama.

Bibi alikuwa na kaka mmoja tu. Alikwenda kwenye vita hivyo akiwa kijana, bibi bado msichana mdogo, na hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema nimemwona amelala mahali fulani. Wenziwe waliopotea vile walishasomewa hitima zamani. Bibi alikataa. Alisema huwezi kumsomea mtu ambaye hujui kama kafa, utakuwa umemfukuza nyumbani mwenyewe. Kila Idi alimpakulia sahani ya wali, akaifunika kwa kawa, akaiweka ndani, na jioni akatupa sisi wajukuu tuile. Tukila, alisimulia jambo lile lile: kaka yake aliondoka asubuhi, kifua mbele, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Wengine walijivunia mashamba. Yeye alijivunia mgongo wa kaka yake.

Basi akaja Kibiti kwa lori la mpunga, kajitanda kanga mpya. Mabibi wa kwetu huwaita wajukuu wa kiume waume zao, ndio utani wetu, na bibi hakujua kuniita vingine. Aliponiona akasema, "Mume wangu, leo nitafutie mahali mbele. Nimekuja kumtazama shemeji yako."

Nikacheka. Wallahi nilidhani ni mzaha.

Kitambaa cha sinema kilikuwa kimechanika njiani. Mhindi mwenye duka la jirani, mtu mwema, akatukatia bafta nyeupe kutoka jora lile lile alilokuwa akikatia watu sanda. Tukaitundika kwenye nguzo mbili, watu wakasali magharibi, mashine ikaanza.

Picha ilikuwa ya ovyo. Mpaka leo nikiikumbuka nakasirika. Ilipigwa nchi ya mbali huko, ikachezwa na watu wa huko, wamepakwa masizi, wamevikwa manyoya kichwani ambayo Rufiji hakuna aliyewahi kuyavaa. Wazungu walikaa wima juu ya farasi. Wetu walipiga kelele, wakaanguka, wakakimbia. Mwenye gari alishaniambia kwamba wale ni waigizaji, na nilitakiwa niwaambie watu hivyo. Lakini nikaona miayo imeanza, nikasema kwenye kipaza sauti, "Haya, watazameni! Hawa ndio wenyewe, babu zenu hasa!"

Watu wakakaa sawa. Ndipo kijana mmoja mwenye shingo ndefu akatupa mkuki, akageuka, akakimbia huku ameshika nguo yake isimvuke, na risasi ikampata mgongoni. Nikasema, "Huyo kakimbilia kuongeza maji!" Watu hawakuwa na mbavu.

Bibi hakucheka. Aliinuka, akajifunika kanga, akaondoka. Nilidhani kaenda haja.

Wiki nzima iliyofuata watoto walicheza picha ile kwa vijiti. Wote walitaka kuwa Wajerumani. Hakuna aliyekubali kuwa upande wetu, hata kwa kuhongwa muwa. Hilo nalo nililicheka.

Ijumaa ya pili nikaitwa Chumbi. Nikakuta mabusati yametandikwa, mwalimu wa madrasa kafika, wali uko jikoni. Nikamuuliza mama hitima ni ya nani. Akaniambia kwamba bibi kamwona kaka yake. Shingo ni ile ile. Karani wa serikali, tena mjukuu wake, katamka kwamba ndio wenyewe, na kaka mtu kalala juu ya nguo ya sanda. Ataka ushahidi gani mwingine? Nikakaa na wanaume, nikaitikia amina, nikala. Nilikula, nasema, na nikaongeza.

Idi ilipofika hapakuwa na sahani. Mjukuu mdogo akaomba ile hadithi ya kifua mbele, na bibi akamjibu kwa upole kwamba kaka yake aligeuka, watu wote wa Kibiti walimwona.

Sikuweza tena. Kesho yake nilimfuata alipokuwa akipepeta mchele, nikamwambia yote: kwamba ni maigizo, kwamba yule kijana hakuwa mtu wa Rufiji, kwamba baada ya picha aliinuka akajifuta tope akaenda zake, na kwamba mimi nilijua tangu mwanzo.

Akauweka ungo chini. "Kwa hiyo hakukimbia?"

"Hakukimbia, bibi."

Akatabasamu, nami nikahisi mzigo umenitoka. Halafu tabasamu likapotea usoni pake, taratibu.

"Na kufa je, karani? Alikufa?"

Tangu siku hiyo hakuniita mume wake tena, mpaka anaingia kaburini.

Idi nyingine sahani ilirudi. Aliipakua, akaifunika kwa kawa, lakini hakuiweka ndani, kwa sababu ndani alishamsomea. Aliiweka nje, barazani, akakaa kando yake akifukuza kuku.