Kaa Kutoka Angani

Kila nikisikia harufu ya moshi wa jenereta, nakumbuka ukumbi wa video wa shangazi yangu kule mjini Baraka. Mchana mmoja wa vita tulikuwa tukitazama filamu ya kaa mkubwa aliyeshuka kutoka angani. Alikuwa wa mpira, na kamba za kumvuta zilionekana, lakini sisi watoto tulipiga mayowe vilevile. Mara wakaingia askari wawili na bunduki.

"Mama, tunabeba jenereta," alisema mkubwa wao.

Jenereta ile ndiyo iliyotulisha. Shangazi akamjibu taratibu, akimwita mkuu kwa Kifaransa, "Chef, kaa iko nakula batu. Acha kwanza ikufe."

Mkubwa akageuka kutazama kaa akila watu. Gando likavunja dirisha, na mwenzake akarukia mapajani mwa mama mmoja muuza samaki aliyekuwa akitazama nasi. Tulicheka, kisha tukaziba midomo kwa woga. Mkubwa naye akacheka, akaketi.

Mwishoni kaa alikufa, ila yai lake likatikisika.

"Na ile yai?" mkubwa akauliza.

"Iko filme ya pili, chef. Kesho. Lakini bila jenereta..."

Wakaondoka mikono mitupu. Kesho yake mkubwa alikuwa wa kwanza kufika. Filamu ya pili haikuwapo kabisa, kwa hiyo shangazi akaweka ya siafu wakubwa.

"Kaa iko wapi?"

"Hii ndiyo batoto yake, chef," shangazi akaapa. "Bamefanana na baba yabo."