Mstari wa Maman Furaha

Siku moja bado naiona kama ya jana, mwanangu, na swali lako ndilo lililoirudisha. Ulikuwa unanisomea matokeo ya zamani ya uchaguzi wa Kongresi ya Marekani, jimbo la Kentucky, karne ya kumi na tisa. Ukanieleza kwamba kwa miaka mingi mpiga kura kule alilitaja jina la mgombea wake kwa sauti, mbele ya watu. Ukauliza, "Sasa maman, aliyeishi kwenye shamba la mgombea alifanyaje?"

Mimi niliacha shule mapema, Kentucky siijui. Lakini jambo hilo lilinikuta hapa hapa Brussels, katika ukumbi mmoja wa Koekelberg.

Wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi, mkubwa, nilimlea mama yako na mjomba wako, wadogo zangu, katika chumba tulichopewa na tonton Bahati, kaka wa marehemu mama. Mwaka huo tonton aligombea urais wa chama chetu cha watu wa Kivu. Alitaka sherehe kubwa. Mpinzani wake, maman Furaha, aliahidi masomo ya Jumamosi kwa watoto waliolemewa na Kifaransa. Mama yako alikuwa mmoja wao. Kila siku alirudi kutoka shule analia.

Karatasi za kura hatukuwa nazo. Ulisimama nyuma ya mtu wako, mistari ikahesabiwa, kila mtu anakuona.

Siku ya kura nilikimbilia jikoni mwa ukumbi. Tonton akanikuta huko nasugua.

"Unaosha sahani zenye hazijaliwa?"

Nikamwambia ukweli: moyo wangu uko kwa maman Furaha, lakini watoto wanalala kwako. Nikaona imemuuma. Akasema, "Kitanda nilipatia batoto ya dada yangu. Sikununua kura yako. Alors, enda usimame, na uniangalie mu macho."

Nikaenda nikasimama nyuma ya maman Furaha, nikamtazama tonton machoni. Wenzake waliguna, wakasema sina shukrani. Tonton alishindwa. Kwenye tramu nikawaza kama atatutoa katika kile chumba. Nyumbani akanipakulia bugali mwenyewe.

"Bon, mupinzani wangu, kula. Jumamosi utapeleka mutoto ku masomo. Nitakuja kuona kama ule maman anajua kazi."

Akaja kweli, na mwishowe yeye ndiye aliyewapikia wale watoto chai.

Mwanangu, anayekusaidia mshukuru, mpikie, mwuguze akizeeka, kama nilivyomwuguza tonton hospitalini kule Woluwe. Lakini usimlipe kwa sauti yako. Usipokubaliana naye, mwambie mwenyewe, asisikie kwa wengine. Na siku utakapompa mtu kitanda, usimdai asimame nyuma yako.

Mungu akupe ujasiri wa kusimama unapopaamini, na akupe nyumba ambamo hata mpinzani wako atakula ashibe.