Sauti ya Mama Cherehani

Mdogo wangu tunamwita Kobe, na jina hilo nilimpa mimi, wala sijuti. Kula taratibu, kuoga taratibu, hata akikasirika utangoja mpaka uchoke. Studio yake ya kurekodi sauti ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Mimi nakaa mlangoni kupokea wateja na kuwatuliza, kwa sababu mwenyewe ukimuuliza kazi imefika wapi, anameza mate kwanza ndipo akujibu.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo alikuwa na haraka ya nini?

Mama Cherehani, mshonaji wa duka la pili kutoka kwetu, alikuwa na uvimbe kooni. Daktari hakumficha: tunakiondoa kisanduku cha sauti, utapona, ila hutasema tena. Mwanamke yule, jamani! Mtaa mzima uliamshwa na mdomo wake. Anashona anaimba, anaimba anatukana, uzi ukikatika anautukana uzi na aliyeutengeneza. Na binti yake alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Basi alipobakiza siku moja kulazwa akaja kwetu, akajitupa kitini.

"Kobe mwanangu, nirekodi. Mjukuu wangu hatanikuta na sauti. Nataka anijue."

"Utasema nini, mama?"

"Nyamaza wewe, washa mashine."

Alisema asubuhi nzima. Akamwimbia huyo mjukuu, akamsimulia babu yake alivyokuwa akipanda juu ya meza akiona panya, akamgombeza kwa makosa ambayo hata hajazaliwa kuyafanya. Nilicheka mbavu sina, halafu nikalia.

Kilichofuata nawaeleza kama Kobe alivyonieleza, maana mimi kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi. Kumbe mashine ile ina daftari lake la ndani. Ukiipa faili, inaandika kwanza humo: kuna faili, jina lake hili, ukubwa wake huu, linakaa pale. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi inalisoma daftari, inamalizia ilichoanza, na mpangilio wote unabaki sawa. Jambo zuri, sikatai. Ila mwenye mashine anaweza kuichagulia mwendo. Kuna wa polepole: sauti yenyewe ifike kwanza kwenye diski, ndipo daftari liandike kwamba faili lipo. Na kuna wa haraka: daftari linaandika lake, sauti inabaki kwenye kumbukumbu ya muda, itashushwa baadaye kidogo. Kobe alichagua wa haraka. Rekodi zake ni ndefu, na wateja waliochoka kusubiri walikuwa wananitolea maneno mimi pale mlangoni. Siku zote umeme ulimvumilia.

Siku hiyo akahamisha rekodi ya Mama Cherehani kutoka kwenye kinasa sauti. Akaona jina, akaona ukubwa, akaifuta kadi ya kinasa kama kawaida yake, maana kadi tunayo moja tu. Hata hajainuka kitini, umeme huo ukakatika!

Uliporudi, kompyuta ikawaka bila kulalamika. Jina lipo, ukubwa uleule. "Iko salama," akasema Kobe. Hakulisikiliza faili lenyewe. Kesho yake, wakati Mama Cherehani analazwa, yeye akabeba kinasa chake kwenda kurekodi mkutano kutwa nzima, juu ya kadi ileile.

Asubuhi iliyofuata akalifungua faili aondoe kelele za barabarani.

"Dada, njoo."

"Nina mteja."

"Dada, njoo."

Nikaingia. Saa ya kwenye kioo ilikuwa inatembea, lakini mstari wa sauti umelala chali. Kimya. Akaniambia daftari liliandika kila kitu kuhusu faili, ila sauti yenyewe haikuwahi kushuka kwenye diski. Ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda, ikazimika na umeme. Kilichobaki ndani ni sifuri tupu. Alikuwa ameshachimbua diski kwa programu zote anazozijua. Kadi nayo aliichimbua, akamkuta mwenyekiti wa mkutano anakohoa.

"Sasa umekaa unanitazama nini?" nikamfokea. "Mpigie simu! Arekodiwe hukohuko kitandani!"

Alipokea binti yake. "Wameshamwingiza upasuaji, kaka. Simu ameniachia mimi."

Nikamnyang'anya Kobe simu. "Mwambie daktari asubiri! Kidogo tu!"

"Dada, ameshalazwa usingizi. Kwani kuna nini?"

Niliikata. Nitamwambia nini mtoto wa watu? Nikakaa sakafuni, mteja ananiita mlangoni, siitiki. Kobe akabonyeza faili lianze upya, kisha tena, kama vile kimya kingemwonea huruma.

Walikuja wenyewe alipopata nafuu, mama na binti, tumbo la binti limeshatangulia mbele. Mama Cherehani shingoni ana kitambaa, anacheka bila mlio. Akaonyesha kompyuta kwa kidole: haya, tusikie! Kobe badala ya kusema akaliwasha faili. Mungu wangu, kwa nini hakusema tu! Mama Cherehani akasikiliza, akakunja uso, akanyoosha mkono akaongeza sauti. Akaongeza tena mpaka mwisho. Spika zikavuma tupu.

"Haimo, mama," Kobe akasema. "Imepotea. Nimejaribu kila kitu. Nisamehe."

Nilitamani amtukane. Amtukane vile anavyotukana uzi, mtaa wote usikie, roho zetu zitulie. Hakumtazama hata. Akamgeukia binti yake, akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na tumbo, akaanza. Midomo inakwenda mbio. Nilijua anaimba kwa jinsi kichwa kilivyoyumba, na alipoinua kidole nikajua amefika kwenye kugombeza.

"Mama, unasema nini?" binti akauliza. "Mama? Sikusikii."

Akanitazama mimi, akamtazama Kobe.