Chetezo Kabla ya Kahawa

Harufu ya udi, kwangu, ni harufu ya mtu anayeondoka. Nyumbani kwetu Ghubra, huku Omani, kama katika nyumba nyingi za Waomani waliotoka Unguja, chetezo hupitishwa mwisho kabisa, baada ya chakula na kahawa. Mgeni akishajifukiza, huaga. Mgeni wetu wa kila Ijumaa alikuwa ami Salim, mdogo wake baba. Wazazi wao walipofariki, baba ndiye aliyemlea, akamsomesha, kisha akamwombea kazi katika ofisi aliyofanyia kazi yeye mwenyewe. Msimu ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi, na shuleni tulikuwa tukitayarisha tanzia ya kale kuhusu jemadari anayemuua mfalme wake ili akikalie kiti chake. Mimi nilikuwa mlinzi wa mlangoni, mwenye sentensi moja tu: "Hupiti mpaka nife." Ami ndiye aliyenifanyisha mazoezi. "Mlinzi gani huyu mwenye pengo?" alinitania. "Jemadari akikuona atakufa kwa kicheko, mfalme apone!" Baba alicheka hadi akapaliwa.

Wiki ya onyesho, baba alirudi kazini mapema, akamweleza mama kabla hata hajakaa: ukuu wa idara, alioungojea miaka, amepewa Salim. Salim alikuwa amekwenda kwa wakubwa kuwaarifu kwamba kaka yake ana maradhi ya moyo na hataweza kazi nzito. Maradhi yalikuwa ya kweli. Baba alikuwa amemwambia Salim peke yake.

Ijumaa ile ami alikuja kama kawaida, tukala. Kahawa haijaletwa, mama akaingia na chetezo kinafuka, akakiweka mbele yake.

"Jifukize, shemeji."

Ami aliutazama moshi. Baba akasema, "Kaa, Salim. Kahawa bado."

"Nna haraka kidogo, kaka."

Hakurudi tena. Baba alimkataza kila mtu kumsema vibaya, na kila Ijumaa alichelewa kuanza kula. Siku ya onyesho nilitamka sentensi yangu kwa sauti kubwa, na jemadari akapita, kama ilivyoandikwa.

Sasa ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu tamaa na uaminifu katika tanzia. Nilitumia sura nzima kuthibitisha kwamba jukwaani msaliti huangamia, na mwaminifu hubakiwa angalau na heshima. Mwezi uliopita tulimzika baba. Ami, mstaafu mwenye afya njema, alikaa wa kwanza msibani, mbele yangu mimi mwana wa marehemu, akipokea mikono ya rambirambi. Kwa desturi yetu, nafasi ile ilikuwa haki yake. Nilimchunguza uso kwa muda mrefu kupita adabu, nikitafuta unafiki. Alikuwa analia.

"Sikuwa na mwengine ila yeye, mwanangu," aliniambia.

Nilimwamini kila neno. Tangu siku hiyo sura ile ya tasnifu sijathubutu kuifungua.