Mbuzi Aliyenionyesha Bega Langu

Niliteleza nikiwa na karai la muhogo kichwani. Nilikuwa nimetoka kuuopoa mtoni, umelowekwa siku nne, mzito kwa maji, na njia ilikuwa imenyeshewa. Karai nililiachia. Mkono ukadaka mti, mwili ukaendelea kwenda.

Toka hapo bega likawa linachezacheza kama mlango uliolegea bawaba. Mzee mmoja anayeunga mifupa alilikanda kwa maji ya moto, akalivuta, nikamwambia basi, inatosha. Hospitali ya Kibondo wakapiga picha: mfupa mzima. Sasa kama mfupa ni mzima, mbona siwezi kujitwika ndoo? Hilo ndilo lililonisumbua. Mwanamke asiyeweza kujitwika mwenyewe hukaa kisimani akingoja mtu amtwike, na mimi kungoja sikufundishwa.

Wakanipeleka Mwanza, hospitali kubwa. Daktari wa huko akasema kilichochanika ni gegedu, ule ukingo mgumu mweupe unaozunguka pango la bega ili mfupa wa mkono usichopoke. Pango lenyewe, akasema, ni bapa kama kisahani cha chai.

"Kisahani?" nikamuuliza. "Mkono uliolima miaka yote hii umekalia kisahani?"

"Ndiyo, bibi."

Sikumwamini, ila nilimwachia bega. Wakanilaza usingizi, wakatoboa matundu matatu, wakaingiza kamera na uzi, wakaushonea ule ukingo kwenye mfupa. Niliamka mkono umening'inizwa shingoni kwa mkanda. Nikaambiwa mkanda ukae wiki sita, na nisibebe kitu.

Niliporudi Kibondo, kile kisahani kilikataa kunitoka akilini. Nikaenda buchani sokoni.

"Nipasulie bega la mbuzi pale kwenye kiungo," nikamwambia muuzaji. "Usipige shoka. Tumia kisu."

"Kilo ngapi, bibi?"

"Nataka kuona kwanza."

"Hapa ni buchani, bibi, si shuleni."

"Shule niliacha darasa la tatu. Pasua."

Akapasua huku akicheka. Na kweli, kilikuwa kisahani! Bapa, chepesi, na pembeni ukingo mweupe unaoteleza. Nikanunua bega zima, nikalichemsha, ule ukingo nikautafuna mwenyewe. Meno yakashindwa. Nikajiuliza: kitu kigumu hivi kinachanikaje?

Wiki ya nne akaja mama wa mkamwana wangu, yaani mama mzazi wa mke wa mwanangu, kutoka Muyama, kunipa pole. Mkononi kikapu cha maharage mapya. Kwetu Buha kitu cha mkwe hupokelewa kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo. Mkono mmoja ni dharau, hata uwe mgonjwa. Nilimwona akiingia uani, nikauchomoa mkono kwenye mkanda, nikapokea.

Ndani ya bega kitu kikalia: ta.

Nilimwandalia kiti, tukaongea habari za watoto, akaondoka. Ndipo nikaurudisha mkono kwenye mkanda. Niliona nimelikata bega langu kwa sababu ya maharage.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Kasulu, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akiniangalia. Kijana mpole, lakini siku hiyo alinikazia macho.

"Nani alikuvua mkanda?"

"Nimeuvua mwenyewe. Mkwe hapokelewi kwa mkono mmoja."

"Kwani angekuona umefungwa asingeelewa?"

"Angeelewa. Mimi ndiye nisingejielewa."

Akashusha pumzi. Akaushika mkono, akauinua taratibu, akausukuma nyuma kidogo kidogo. "Unahisi bega linataka kutoka?"

"Hapana."

Akarudia. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua.

"Uzi umeshika," akasema. "Huenda kilicholia ni kovu la ndani. Ila umebahatisha, bibi. Usirudie."

Nilipopata pumzi nikamuuliza lile lililonikaa. "Gegedu la mbuzi nimelitafuna, meno yamenishinda. Langu lilichanikaje?"

Alinitazama kwanza, akaona sitanii. "Mara nyingi halikatiki katikati. Hubanduka pale liliposhikana na mfupa."

"Kama ukingo wa kikapu?"

"Hivyo hivyo."

Vikapu nimesuka tangu utoto, na ukingo uliotoka kushonwa hauvutwi kabla haujakauka. Angeniambia hivyo mapema, ule mkanda nisingeugusa.

Mkanda ulipotolewa akanipa kazi: kupandisha vidole ukutani kila asubuhi. Vilipokomea niliweka alama ya mkaa. Ukuta wangu ukajaa mistari, na baadhi ya siku mstari haukupanda hata kidogo. Maharage ya msimu ule walipanda wengine. Mimi nilisimama pembeni nikiwasema wanapanda vibaya.

Msimu uliofuata, daktari akiwa amesharuhusu, nilikwenda kisimani na ndoo ndogo. Mkamwana wangu akanyoosha mikono anitwike.

"Ondoa mikono."

"Mama, bega..."

"Nimesema ondoa."

Nikaipandisha gotini. Kutoka gotini ikafika kifuani, ikakaa hapo muda mrefu kuliko zamani. Kisha kichwani. Maji mengi yalinimwagikia usoni, na yeye akageukia pembeni ili nisimwone anacheka. Lakini ndoo ilifika.