Chumba cha Ndani

Mtaani waliitwa Jua na Mwezi, na aliyewabandika jina hilo hakukosea. Mume alikuwa mwokaji mikate wa zamu ya usiku. Mke alikuwa dobi wa hospitali, mkunja mashuka, wa zamu ya mchana. Alfajiri mmoja anaingia, mwingine anatoka, na mahali pao pa kuonana palikuwa mlangoni. Hapo mume alichomoa mkate ndani ya koti ukiwa bado moto, wakaumega wamesimama, kwake yeye chakula cha jioni, kwa mkewe kifungua kinywa. Kisha ufunguo ukahamia mkono wa pili, dobi akaenda zake kazini huku ananukia hamira.

Utauliza, watoto watatu walitoka wapi? Jamani, hata tanuri huzimwa siku moja kwa wiki.

Sasa wote wawili wamestaafu, tena si jana. Watu walidhani Jua na Mwezi wataonana hatimaye. Wapi! Mume alistaafu yeye, mwili wake haukupelekewa barua. Usiku ukiingia macho yanamkodoka, anazunguka jikoni akiosha sufuria zilizokwisha oshwa. Kukipambazuka ndipo anapojitupa kitandani, na mkewe ndiyo kwanza anaamka. Wamejaribu maziwa ya moto, wamejaribu kutembea jioni, wamejaribu na vidonge, vikamlaza mezani na tonge mdomoni. Dobi hakulalamika kwa mtu. Angelalamika kwa nani, na kwa maneno gani? Lakini ilimuuma. Ujana wote alivumilia akijua iko siku watalala na kuamka pamoja kama watu wengine, kumbe uzee umefika na kitanda bado ni cha zamu.

Basi watoto wakachanga, wakawanunulia wazazi wao safari ya meli. Ni zile meli kubwa za starehe ambazo hukuzungusha baharini wiki nzima kisha hukurudisha pale pale ulipotoka, eti umesafiri. Binti yao wa mwisho, kitinda mimba, ndiye aliyekabidhiwa kuwapeleka kwa wakala wakachague wenyewe. Alikuwa ameshajichagulia moyoni: chumba chenye roshani, baba na mama wameegemea ukingo, bahari nyuma yao, picha inarushwa kwenye kundi la familia kabla meli haijang'oa nanga.

Ofisi ya wakala ilikuwa na kiyoyozi, kochi laini na mfano wa meli ndani ya kioo. Mwokaji alipokaa tu kwenye lile kochi, kichwa kikamlalia begani. Ilikuwa asubuhi, kwa hiyo kwake usiku wa manane. Dobi akajifanya hamnazo, akavuta kiti mezani.

Dada aliyewahudumia pale alikuwa mchangamfu, ulimi haugandi. Akafungua picha moja baada ya nyingine. Juu kabisa kulikuwa na makao ya wakubwa, sebule na bafu la kujilaza, na mtu wa kukupangia nguo. Kisha vyumba vyenye roshani. Kisha vyenye dirisha la duara lisilofunguka. Dobi alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, huku jicho lake liko kwenye mashuka: pembe zimekunjwa vibaya, mtu ameharakisha. Angekuwa chini yake angeyarudia.

Dada akashusha sauti kidogo, kama mtu anayemtaja ndugu mlevi, akasema kuna na chumba cha ndani.

Dobi akauliza kama hicho si ndicho cha wenyewe. Kwa maana nyumbani, tusidanganyane, chumba cha ndani ndicho cha baba na mama. Mgeni anaishia cha nje. Binti akaziba uso kwa mkono. Dada akacheka, ila kwa upole, akaeleza kwamba melini mambo ni kinyume: cha ndani ndicho cha mwisho kabisa, kimezungukwa na korido, hakina hata tundu la kuchungulia. Ukizima taa humo ni giza totoro. Kuna abiria hulala mpaka chakula cha mchana wakidhani bado usiku, kisha wanakuja kulalamika.

"Mtu hajui usiku wala mchana?" dobi aliuliza.

"Hajui kabisa, mama. Ndiyo maana watu wanakikimbia."

 Dobi mwenzenu alikuwa hayupo tena pale. Alikuwa kwenye vile vyumba viwili vya kupanga walivyoanzia maisha. Cha nje kilikuwa na dirisha la barabarani, ndimo vilimokaa viti, jiko na wageni. Cha ndani dirisha lake lilizibwa kwa matofali siku mwenye nyumba alipojenga stoo upande wa pili. Wenzao waliwahurumia. Lakini kwa mtu anayelala mchana kile chumba kilikuwa dhahabu, mwokaji alikuwa analala mle usingizi wa pono.

Na dobi alikumbuka likizo yake ya uzazi, mtoto wa kwanza. Majuma yale hakuwa na zamu. Mume akirudi asubuhi, anafunga mlango wa chumba cha ndani, wanalala watatu, mtoto katikati. Waliamka wakabishana kama ni asubuhi au jioni, kila mmoja ameshika lake, mpaka mmoja aende cha nje kuchungulia. Siku moja walipitiliza wote. Mwokaji alifika kazini wenzake wameshakata tamaa naye, na kesho yake nusu ya mtaa ilikula viazi. Msimamizi alipomuuliza kulikoni, alijibu tu kwamba kulikuwa na giza. Utani huo ulimfuata miaka. Dobi alikuwa akiusikia anainamisha uso, anacheka peke yake.

Halafu likizo ikaisha. Wakajenga nyumba yao, watoto wakataka madirisha makubwa kila upande, na kila mtu akafurahi isipokuwa mwokaji, aliyeanza kulala na taulo usoni.

"Tuchukulie cha ndani," dobi alisema.

Binti alishtuka. Akamng'ata mama yake sikio kwamba pesa ya roshani ipo, hakuna anayetaka ibaki. Mama akasema amesikia, cha ndani kinatosha. Hapo binti akasahau kunong'ona. "Mama, maisha yako yote unachukua kile ambacho wengine wamekikataa. Hata zawadi yetu unaifanyia mkono wa birika?"

Lilimchoma, kwa sababu alimwona mtoto ana machozi. Lakini amwambie nini? Kwamba anataka kulala na baba yake? Mbele ya mgeni? Haya zilimpanda mpaka masikioni. Akaomba waendelee kwanza na mambo ya chakula.

Kwenye chakula hakusita. Dada alisema unaweza kula saa yoyote, popote penye nafasi, au ukapewa meza yako na saa yako, mhudumu yule yule kila jioni. Dobi akataka meza ya watu wawili, saa moja, yenye kitambaa, na viti. Viti alivitaja mara mbili. Walipofika kwenye vinywaji, dada akanoga kweli: kifurushi cha kunywa bila kikomo, juisi, soda, kahawa za povu, mvinyo kwa anayetumia, ila sharti wote wawili wa chumba kimoja wakichukue. Binti akasema hicho angalau wasikikatae. Dobi akauliza kama chai imo. Akaambiwa chai ni bure hata bila kifurushi. Akakikataa. Moyoni alisema nimtafutie mtu usingizi kwa taabu yote hii, kisha nimnyweshe juisi bila kikomo? Si atakesha chooni! Binti akakata shauri mwenyewe, akawalipia intaneti, walau awe anawapigia.

Ndipo mwokaji akazinduka kochini. Akafuta mdomo, akauliza wamefikia wapi.

"Kuna chumba cha ndani," mkewe alimwambia, bila kumtazama. "Hakina dirisha."

 Mwokaji usingizi ulimtoka wote. "Kama kile?"

"Kama kile."

"Basi mnangoja nini?"

Binti akawaangalia mmoja mmoja. Yeye alizaliwa kwenye nyumba ya madirisha. Akauliza kile kipi. Wazee wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mama akatafuta leso, na hakuna aliyemjibu. Binti akasaini cha ndani, amenuna, lakini akasaini.

Siku ya safari walipanda melini mchana. Dobi alizirekebisha pembe za shuka kwanza, hilo lisingemshinda. Kisha wakakubaliana wajinyooshe kidogo kabla ya chakula, wakazima taa. Saa moja ikafika. Ile meza yenye kitambaa na viti viwili ikakaa tupu, mhudumu akaipitia mara kadhaa, mwishowe akaondoa sahani.

Simu ililia gizani. Alikuwa binti, anataka kujua jana walikula nini, bahari wameionaje, na mbona hakuna hata picha moja.

"Ngoja kwanza," mama yake alimjibu chini chini. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, Mama. Mbona unanong'ona?"

"Baba yako amelala."

Binti alishusha pumzi. Maneno hayo ndiyo aliyolelewa nayo, usipige kelele, baba amelala, akaona kumbe mzee ameibeba zamu yake mpaka baharini na kumwacha mama peke yake huko pia. Akamuuliza kwa huruma, "Na wewe ulikuwa unafanya nini humo gizani?"

 Akamsikia mama yake anacheka, ameubana mdomo.

"Umeniamsha, mwanangu."