Swali la Koko kwenye Foni

Nimerudi Kindu, nyumbani kwa mama, na kwa kuwa mtandao wa huku hukatika kila mara, nimeweka kwenye kompyuta programu ya barua pepe ya maandishi matupu, isiyo na picha hata moja. Hakuna aliyenifundisha. Faili la mipangilio nililiandika mstari kwa mstari, nikalifuta lote na kuanza upya kwa ajili ya nafasi moja iliyozidi. Ndivyo nilivyo. Ilipojiunganisha, programu iliniuliza: seva hii haijulikani, unaikataa, unaikubali mara hii tu, au daima? Nakiri kwako, kila asubuhi najibu "mara hii tu". Mama ananicheka: "Weye njo koko wako kabisa!" Yaani mimi ndiye koko mwenyewe.

Koko alikuwa mama yake mama. Miaka ile ya vita mji ulifungwa. Treni haikuja, chumvi tuliilamba kwa ncha ya kidole, sombe, majani ya muhogo, tuliila bila mafuta. Baba alikwama Lubutu, alikokwenda kuuza nguo. Habari zilipitia kwa jirani mwenye foni, redio ya kuzungumzia ya batri ya gari, iliyokoroma kama mgonjwa. Uwanja mzima ulisikia kila neno, pamoja na yeyote aliyetega sikio msituni. Kuna watu walioitwa na sauti za kuigiza, wakatoka mjini, wasionekane tena. Kwa hiyo kila familia ilikuwa na swali lake la kumtambua msemaji.

Sauti ya baba ilipoingia mara ya kwanza, koko alimnyang'anya mama kipaza sauti.

"Siku ulileta mbuzi ya mahari, ile mbuzi ilikula nini?"

Mkoromo, kisha: "Aa, mama mukwe! Mbele ya batu? Ilikula kitambaa yako ya kichwa!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Tangu hapo watoto wa mtaa walimkimbilia koko wakipiga kelele, "Kitambaa! Kitambaa!"

Mvua zilipoanza, sauti ilirudi, imefifia. Ilitaka mama atuchukue sisi watoto, tufuate njia ya Punia, atatungoja huko. Kwa furaha mama aliuliza swali lilelile, na jibu likaja sawasawa. Akaanza kufunga mizigo. Koko akaketi mlangoni, miguu ameinyoosha.

"Ile jibu, Kindu yote iko nayo. Hata benye bunduki."

"Mama, ni bwana yangu!"

"Ni sauti. Bwana yako miye sijamuona."

Hatukwenda.

Barabara zilipofunguka, baba alifika akisukuma baiskeli, amekonda. Ile sauti ya foni ilikuwa yake kweli. Alitungoja Punia mvua zote, akienda barabarani kila alipowaona watu wakija. Mama aligeuza uso asimtazame koko. Mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya wakati baba alipoondoka, akauliza, "Huyu ni nani?" Koko, ambaye hakumpokea mtu bila kumhoji, alisema tu, "Njo baba yako. Mumupe maji."

Foni haipo tena. Waya wake sasa unaanikiwa nguo. Koko naye amekwenda. Najaribu kumkasirikia, nashindwa. Ningekuwa yeye, nami ningeketi pale mlangoni. Lakini mdogo wangu ni mtu mzima sasa, na mpaka leo, akimkuta baba sebuleni, humpa mkono kama mgeni na kungoja aambiwe akae.